Ukoma na Mkono wa Klachi

Nilisikia harufu ya nyama inayoungua nikadhani wafugaji wanachoma. Ilikuwa asubuhi, kwenye josho la Rudewa, mwisho wa kiangazi, ng'ombe wakisukumana kuingia kwenye dawa na vumbi limesimama juu yao. Nilikuwa nimefika muda si mrefu, nimechuchumaa kando ya pikipiki nafungua mkanda wa boksi la chanjo. Mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akisubiri zamu ya mifugo yake aliniita kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kunitia aibu mbele za watu.

“Daktari,” alisema, “mkono wako unaungua.”

Nikatazama. Mkono wangu wa kushoto, niliouegemeza ili nisianguke, ulikuwa umelala juu ya ekzosi. Niliponyanyua, ngozi kidogo ilibaki kwenye chuma. Sikusikia maumivu yoyote. Nilisimama nimeushika mkono ule kama kitu nilichookota njiani, na hofu iliyonipanda pale haijanishuka yote mpaka leo ninapoandika.

Ninaandika kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua, ambaye leo ana mkono kama ule na anauficha kwenye kanga au mfukoni. Mimi niliuficha. Ningekuwa nimesoma maneno ya mtu aliyetangulia, huenda ningeliogopa zaidi kidogo jambo linalostahili kuogopwa, na yale mengine ningeyaogopa pungufu kidogo.

Jina langu ni Damari. Nilizaliwa Mamboya, milimani, kwenye nyumba ya wakulima. Ni afisa mifugo, na wafugaji huniita daktari, ingawa ni daktari wa ng'ombe na mbuzi tu. Ninakaa Kilosa mjini na mume wangu Elia, mwalimu wa shule ya msingi, binti yetu Tumaini, na mama mkwe wangu. Kazi yangu nimeifanya miaka yote juu ya pikipiki ya ofisi: leo Rudewa, kesho Msowero, keshokutwa nyumbani kwetu milimani. Ukininyang'anya pikipiki hujaninyang'anya usafiri, umeninyang'anya kazi.

Dalili zilikuwapo kabla ya josho. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa na ganzi tangu masika yaliyopita. Vikombe viliniponyoka. Mgongoni nilikuwa na doa lililopauka, na Elia ndiye aliyeliona kwanza, akaniambia ni utangotango, nikawa nalipaka dawa ya fangasi kila baada ya kuoga. Kidonda cha ekzosi nilimwambia ni chai ilinimwagikia.

Mvua za kwanza zilipodondoka nilikuwa natoka Msowero, barabara imelainika juu na ngumu chini. Ndama akakatisha mbele yangu. Nilivuta klachi, au niliamini nimevuta, nikakanyaga breki. Injini ikakaba, pikipiki ikaruka kama punda aliyechomwa, ikanitupa kwenye majani. Kabla ya kuanguka, katika ule muda mfupi ambao mtu huona kila kitu, niliuona mkono wangu wa kushoto. Vidole vilikuwa vimelala juu ya mkono wa klachi, vimetulia, havijavuta hata kidogo. Akili ilikuwa imetoa amri na vidole havikuipata.

Sikuumia sana. Nilikaa chini kwenye majani yaliyolowa nikiangalia vidole vyangu, nikiviambia vikunjike, na viwili vya mwisho vikikataa.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda hospitali, na hapo ndipo nilipojifunza mabenchi. Kuna benchi la kupata kadi, benchi la kumwona daktari, benchi la maabara, benchi la dawa. Unasogea kidogo kidogo, paja kwa paja na watu wasiokujua, na kila anayekaa karibu nawe anauliza unaumwa nini. Nilisema mgongo. Nilirudi nyumbani mara na vitamini, mara na dawa ya kuchua, na mkono ukazidi kuwa mzito.

Aliyenigundua alikuwa muuguzi wa chumba cha vidonda, Anjela, mwanamke wa umri wangu. Alikuwa akinisafisha kidonda cha mkono, kimekaa muda mrefu bila kufunga, akakisugua hasa, na mimi nikawa natazama dirishani. Akaacha. Aliniuliza kama siumii. Nikamwambia siumii. Akaenda kufunga mlango.

Aliniomba nivue blauzi, nifumbe macho, na niseme “hapa” kila anaponigusa kwa pamba. Nilifumba. Nje watoto walikuwa wanalia kwenye chanjo, feni ilikuwa inalalamika juu yetu. Nikasubiri. Nikasubiri tena, nikadhani ametoka kuita mtu.

“Anza basi, dada,” nilisema.

Kisha nikasikia sauti yake karibu sana na sikio langu.

“Mkono huu nimeshaumaliza,” alisema. “Na mgongo.”

Neno ukoma nilikuwa nalijua kutoka kanisani tu, kwenye masomo ya watu waliosimama mbali wakipaza sauti. Bibi yangu wa Mamboya hakuwahi kulitaja. Lilipofika mahali pake katika maneno yake alinyamaza na kuashiria vidole. Daktari alithibitisha siku ile ile, akanieleza kwamba unatibika, kwamba dawa ni ya bure, kwamba nikishaanza kuimeza sitamwambukiza mtu. Nilimsikia, lakini kama mtu anayesemeshwa kutoka ng'ambo ya mto. Nilichouliza ni kimoja: kama naweza kuchukulia dawa Mikumi. Kilosa nilijulikana. Mikumi, kule barabara kuu, watu ni wapita njia, na sura ya mgeni haimshtui mtu. Wakanipangia Mikumi.

Vidonge vya kwanza vya pakiti ya mwezi nilivimeza mbele ya muuguzi wa huko, na kesho yake asubuhi chooni nikaona mkojo mwekundu nikapiga magoti. Nilikuwa nimeambiwa dawa itaugeuza hivyo. Nilikuwa nimesahau. Mwambie mwenzako jambo hilo mara tatu, maana mtu mwenye hofu husikia mara moja kati ya tatu.

Elia nilimwambia siku ya Jumapili baada ya ibada, tukiwa tumebaki wawili sebuleni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti, hakulia. Aliuliza kama Tumaini anaweza kuwa nao. Nikamwambia wanatakiwa kupimwa wote wa nyumbani. Alisema watapimwa, akasimama kwenda kumwangalia mtoto. Wiki ile hawakupimwa, wala wiki iliyofuata. Elia alianza kulala chumba cha Tumaini, akasema mtoto anaota ndoto mbaya. Kila nilipokumbusha habari ya kupimwa alisema baada ya mitihani. Nilielewa baadaye kwamba hakuwa anakataa. Alikuwa anaogopa jibu, na mtu asiyekwenda kuuliza hapewi jibu.

Mama mkwe wangu, Elia alipomweleza, alikuwa mkweli zaidi. Alinitengea sahani, kikombe na kijiko, akaviweka kwenye ndoo ndogo ya peke yake. Alifanya hivyo bila neno baya hata moja. Aliendelea kuniitikia “marahaba, mwanangu” kila asubuhi, kutoka mlangoni kwake.

Mikumi, wagonjwa wa kliniki yetu tulikaa veranda ya nyuma. Mara ya pili nilipokwenda nilimkuta bibi mmoja kutoka Ulaya, kijiji cha njiani kati ya Kilosa na Mikumi, mzee sana, miguu imefungwa vitambaa. Nikamwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akaitikia, akaninyooshea mkono. Vidole vilikuwa vimebaki vifupi kama vya mtoto, vingine havipo. Nikaupokea mkono ule kwa mkono wangu wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa na kadi. Sikuusikia. Nilimwona ananishika, na hakuna kilichofika. Tulikaa vile, mikono yetu miwili isiyosikiana, naye akaniambia kwamba siku zake dawa ilichelewa kufika, mimi nimewahi, nisilie. Nilikuwa sijajua kwamba nalia.

Kufika pakiti ya nne ngozi yangu ilikuwa imebadilika rangi, imeiva wekundu mweusi kama udongo wa kilimani. Watu wa Kilosa walisema jua la kazi limenichoma. Ndipo, katikati ya masika, yakaja maumivu. Nilikuwa nimeogopa ganzi, sasa niliitamani. Kiwiko cha kushoto kiliwaka kama nimepigwa na umeme, usiku na mchana, na uso ukaota vinundu. Nililazwa Mikumi. Madaktari walisema ni mwili unapambana na mabaki ya ugonjwa, wakanipa vidonge vingine, vya kushusha ule moto, vikaushusha, lakini vilinivimbisha mashavu mpaka Tumaini alipoletwa kuniona alisimama mlangoni akiniangalia kama anatafuta mama yake nyuma yangu. Nilipotoka, majirani walinisifia kwamba nimenenepa, ndoa imenikubali. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilikuwa vimejikunja na havikunyooka tena.

Mkuu wangu wa kazi nilimwambia ni ugonjwa wa mishipa. Ni mtu mwema. Alinipa muda, kisha akanieleza waziwazi kwamba chanjo ya kiangazi lazima ifanyike, na kama siwezi kuendesha, pikipiki itapewa mwenzangu na mimi nitakaa ofisini nikipokea taarifa za wengine. Alisema kama zawadi. Nilitoka pale nikaona giza.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali ndiye aliyenitia wazo. Alikuwa amenizuia kushika kitu chochote chembamba kwa nguvu, maana mkono usiosikia hujibana mpaka ukajitoboa. Aliniambia vipini vya nyumbani vyote nivifunge vitambaa vinenepe: jembe, mwiko, ufagio. Nikamuuliza, na usukani wa pikipiki? Alifikiri kidogo akasema usukani ni kipini pia.

Ng'ambo ya barabara kuu, karibu na pale malori yanapolala, kulikuwa na fundi pikipiki aitwaye Salehe. Nilimpelekea pikipiki nikamwambia nina mkono ulioumia ajalini, nataka nisichoke. Alinipa kigoda, akanipa chai, akafanya kazi nzuri kwa mtu wa ajali. Aliuinua usukani kwa vipande vya chuma, akaulegeza waya wa klachi ili usivute kwa nguvu. Nikaanza kurudi nayo Kilosa. Sikufika. Karibu na Ulaya nilitaka kupunguza gia kabla ya daraja dogo. Klachi ikawa imelegea mno, gia ikagoma kwa kelele, mkono ukateleza na mimi sikujua kama umeteleza mpaka nilipoona ukingo wa daraja unakuja. Nilisimama tairi la mbele likiwa limeugusa. Chini maji ya masika yalikuwa yanapita na magogo. Niligeuza, nikarudi Mikumi kwa gia moja.

Ilibidi nichague. Fundi hawezi kutengeneza kitu asichokijua. Kwa miezi yote ile, nje ya nyumba yangu na hospitali, hakuna niliyekuwa nimemwambia.

“Fundi,” nilisema, “sikupata ajali. Nina ukoma. Niko kwenye dawa, siambukizi. Mkono huu hausikii.”

Aliweka spana chini. Niliona macho yake yakienda kwenye kigoda nilichokalia asubuhi, kisha kwenye kikombe. Akaenda nyuma ya kibanda, nikasikia maji yanamwagwa, yanamwagwa kwa muda mrefu. Nikaanza kutafuta helmeti yangu niondoke.

Alirudi amevaa glavu nene za ngozi, zile za kuchomelea. Akasimama mbele ya pikipiki.

“Vidole vipi vina nguvu?” aliuliza.

Nikamwonyesha cha shahada na cha kati. Akasita, kisha akaninyooshea vidole vyake viwili ndani ya glavu, akaniambia nivute. Nikavuta. Akaniambia nivute tena, taratibu, na akawa anatikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu. Tangu nianze kuumwa, ukiondoa watu wa hospitali na yule bibi, ndiye mtu wa kwanza aliyenipa mkono akijua.

Tulikaa naye mpaka alasiri. Alifungua kishikio cha klachi, kile kinachoufunga mkono wake kwenye usukani, akakisogeza ndani, kuelekea katikati ya usukani, ili vidole vyangu viwili vikute ncha ya mkono wa klachi, panapovutika kirahisi, badala ya shina lake. Mkono wenyewe wa klachi aliutoa, akaweka wa pikipiki ya aina nyingine, uliopinda zaidi na kukaa karibu na kiganja, nisiutafute mbali. Waya aliutoa, akauingiza mafuta, akaupitisha njia mpya bila kona kali, ukawa laini. Usukani aliurudisha nyuma kidogo na kuupanua, ili viwiko visijikunje sana, maana nilimwambia moto wa maumivu ulianzia kiwikoni. Mikono ya klachi na breki aliiinamisha chini mpaka vifundo vyangu vya mkono vikanyooka. Kisha akakata tyubu kuukuu vipande virefu, akavizungusha kwenye vishikio mpaka vikanenepa kama gunzi la mahindi. Mwisho alichukua rangi nyeupe akapaka ncha ya mkono wa klachi. Alisema ngozi haisikii, basi jicho ndilo litafanya kazi hiyo. Kila nikivuta niangalie mpaka weupe ujifiche.

Kila kitu alikijaribu nikiwa nimekaa juu, injini imezimwa. Akiniuliza pananibana wapi nilishindwa kujibu, kwa hiyo akawa anachunguza kiganja changu, akitafuta alama nyekundu, na penye alama analegeza. Tulipomaliza alikwenda nyuma ya kibanda kunawa tena. Sikumlaumu. Alikuwa anaogopa kama mimi, na akafanya kazi. Zile glavu alizivaa kila nilipokwenda kurekebisha kitu, mpaka siku moja, dawa zangu zinakaribia kwisha, akazisahau msumarini. Alikuwa ameshika kiganja changu anatafuta alama.

Nikawa najifunza upya, kwenye uwanja wa mpira wa Kilosa, asubuhi kabla ya watu. Usidhani ukipata chombo kilichokufaa hofu inakwisha. Nilivuta, nikaangalia, nikatia gia, nikaogopa. Nilivaa glavu nisijitoboe. Jioni nilikagua viganja vyangu chini ya mwanga kama mtu anayechambua mchele. Nilifanya chanjo ya kiangazi, Rudewa yote na Msowero yote, na mkuu wangu hakuizungumzia tena pikipiki. Nilidhani lililobaki ni kumaliza pakiti tu.

Vuli ya mwaka ule ilinyesha kama masika. Siku moja mchana Elia alinifuata jikoni, shati limelowa mikono. Alikuwa amemwogesha Tumaini baada ya mtoto kucheza kwenye matope.

“Damari,” alisema, “mtoto ana doa begani.”

Nililiona. Lilikuwa jeupejeupe, la mviringo, kubwa kama kifuniko cha soda. Nakumbuka sakafu ya jikoni ilivyokuwa baridi, kwa sababu nilikuwa nimekaa juu yake. Kila hofu niliyokuwa nimeipata mpaka siku ile ilikuwa ya kwangu, na ya kwangu niliweza kuibeba. Mama mkwe wangu aliliangalia doa lile akaenda chumbani kwake, tukasikia anasali kwa lugha ya kwao.

Elia hakutaka kungoja hata siku moja, yeye aliyekuwa amengoja karibu mwaka. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki Mikumi. Basi halikutoka, lori lilikuwa limezama kwenye matope mbele na njia imezibwa, pikipiki tu ndizo zinapenya. Elia hajui kuendesha. Akasimama uani anaangalia mkono wangu, nami nikamwona anaangalia.

Tulikwenda mshikaki, mtoto katikati, Elia nyuma. Ilibidi anishike. Mikono yake ilimzunguka Tumaini ikafika kiunoni kwangu, na mwanzoni ilishika jaketi tu, vidole viwili vya kila upande. Barabara ilikuwa ya kuteleza hasa. Kila nilipobadilisha gia nilihisi pumzi yake inakoma. Mbele ya Zombo tulikuta maji yanakatiza barabara, ya rangi ya chai ya maziwa, na huoni chini. Nikasimama.

“Tushuke?” Elia aliuliza.

Nikamwambia wakae, uzito utatusaidia. Nilivuta klachi kwa vidole viwili, nikaangalia weupe ukazama, nikatia namba moja. Niliingia. Maji yalipanda mpaka miguuni, mkondo ukatusukuma kando, na katikati pale tairi la nyuma lilizama kwenye shimo, injini ikaanza kukata. Nililegeza, nikavuta, nikalegeza, kidogo kidogo, nikimwomba Mungu kwa kila kuvuta. Mikono ya Elia ilikuwa imeacha jaketi, imenikumbatia yote, kichwa chake kimekandamizwa mgongoni mwa mtoto. Tukatoka ng'ambo. Aliendelea kunishika hivyo mpaka Mikumi.

Kwenye chumba cha vipimo niliingia nikashindwa kubaki. Nilisimama nje, ukutani, chini ya dirisha. Nilimsikia muuguzi akimwambia Tumaini afumbe macho na aseme akiguswa. Kisha kimya. Nakwambia wewe uliyewahi kusubiri: hakuna kimya kirefu kama kile.

“Hapa,” Tumaini alisema. Kisha, “Hapa. Hapa. Hapa tena.” Kisha akacheka. “Unanitekenya.”

Ilikuwa fangasi. Fangasi ya kweli, ya kupaka dawa. Walimkagua mwili mzima, wakampa ya kupaka, wakasema aletwe tena baada ya miezi kadhaa. Nilipoingia nilimkuta Elia amekwisha kuvua shati, amekaa kwenye kitanda cha kupimia, macho ameyafumba kabla hajaambiwa. Yeye pia walimkuta salama. Hata baada ya kuambiwa alichelewa kuyafumbua.

Tulikula kwenye hoteli moja ya pembeni. Vidole vyangu vilikuwa vimechoka, chapati ikawa inanishinda. Elia aliivuta sahani yangu, akaikata chapati vipande, akala kimoja, akanirudishia. Hakuniomba radhi kwa mwaka ule, nami sikuidai. Usiku ule nyumbani alihamisha mto wake.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilirudi. Ndoo ndogo ya mama mkwe wangu ipo mpaka leo, na Elia akivunja kikombe changu mama yake hununua kingine na kukirudisha mle mle. Vidole viwili bado vimejikunja. Pakiti zimekwisha, rangi ya ngozi inarudi taratibu, na mashavu yameshuka. Ninapoamka huangalia mikono kabla ya kuangalia saa. Zikipita siku mbili bila maumivu ya kiwiko najiuliza kama ni kupona au ni ganzi, najibana nione. Ukiwa na doa lisilowasha, au mahali pasiposikia, nenda. Usingoje ekzosi.

Masika haya nilikuwa Msowero, kwenye boma la wafugaji, nachanja ndama. Nilipokuwa nafunga boksi, mke mdogo wa nyumba ile, msichana hasa, alinifuata akapandisha shuka lake begani. Mkononi, juu ya kiwiko, palikuwa na doa limepauka, kavu, halina nywele.

“Daktari,” alisema, “dawa ya ng'ombe inaweza kutibu hii?”

Nikamuuliza kama inawasha. Akasema haiwashi wala haiumi, ni kama si ya kwake. Mama mkwe wake alikuwa amesimama hatua chache, anasikiliza. Nilifikiria boma lile na mengine yote ninayoingia, jinsi habari inavyokimbia kati yao, na nani angeniruhusu tena kugusa mifugo yake. Niliogopa kama siku ya josho. Nikavua glavu nikamwonyesha vidole vyangu, nikalitaja jina la ugonjwa kwa sauti ambayo hata mama mkwe aliisikia.

Msichana alirudi nyuma. Akaviangalia vidole vile, kisha akauliza kama mtu akishaumwa huo anaweza kuzaa. Nikamwambia anaweza. Nikamwambia daktari atamwangalia kwanza, huenda si huo, na kama ni huo amewahi. Mama mkwe aliongea naye maneno mengi kwa lugha yao, nisijue ni ya kumkataza au ya kumruhusu. Halafu aliingia ndani, akatoka na shuka safi, akamfunika nalo mabegani.

“Mimi sijawahi kupanda hii,” msichana alisema, akiangalia pikipiki.

“Nishike kiunoni,” nilimwambia. “Kwa nguvu.”

Alinishika mpaka mbavu zikaniuma, tangu Msowero hadi Kilosa, na sikumwambia alegeze.